Muhuri wa Kutoka

Pasipoti ya mzee yule ilikuwa na joto. Mama Kinyoya aliipokea chini ya kioo, akaiweka mezani, kisha akaishika tena. Halikuwa joto la mfukoni. Joto la mfukoni huisha upesi. Hili lilitoka ndani, kama la mto wa kulalia ambao mtu ameondoa kichwa juu yake sasa hivi.

Hakulifikiria sana. Ilikuwa saa za alasiri na miguu ilikuwa imemvimba. Tangu asubuhi alikuwa kwenye dirisha la kubadilisha pasipoti, akirudia maneno yale yale mpaka ulimi ukakauka. Lete ya zamani. Picha iwe na mandhari meupe, na usicheke. Pasipoti ikibakiza chini ya miezi sita ibadilishe, usiseme bado haijaisha, maana ukifika kwa watu watakurudisha. Kurasa zikijaa mihuri, badilisha pia, hata kama miaka ipo.

Mzee huyu kurasa zake zilikuwa zimejaa. Alikuwa fundi wa lifti mstaafu, na lifti zilikuwa zimempeleka kila upande wa dunia. Mihuri ilipandana juu ya mihuri: ya buluu, ya kijani, ya pembe tatu, ya mviringo, mingine na kamchoro kadogo ka ndege au ka garimoshi. Ilibaki nafasi moja tu nyeupe, kwenye ukurasa wa mwisho.

"Hii ya zamani nitaikata pembe mbele yako, mzee," Mama Kinyoya alisema. "Ndiyo sheria. Halafu utaondoka nayo, iwe kumbukumbu."

"Kata, binti yangu. Kata mpaka ndani."

"Una mihuri mizuri, lakini."

"Mizuri kwa anayeitazama. Kata tu."

Mzee akageuza uso ukutani, akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Mama Kinyoya alikuwa ameshawaona wengi wa namna hiyo. Watu wazima walilia pale dirishani. Mmoja alilia kwa sababu ya muhuri wa fungate, mwingine kwa sababu ya nchi alikomzika mama yake. Sheria ilitaka mkasi upite jalada na kurasa zote. Lakini kwenye kompyuta pasipoti ilikuwa imeshafutwa, na hakuna mpaka ambao ingevuka tena, sasa pembe ilikuwa ya nini? Kwa hiyo alikuwa na hila yake ndogo ya huruma. Wale walioshindwa kutazama, wachache tu, aliwakatia kipande cha boksi chini ya meza, wasikie mlio. Pasipoti nzima aliifunga kwenye bahasha. Wangeikuta nyumbani, wangefurahi.

Akachukua kipande cha boksi. Mkasi ukalia, kwach.

"Tayari?" mzee aliuliza bila kugeuka.

"Tayari, mzee wangu."

Mabega ya yule mzee yakashuka kama ya mtu aliyetua gunia. Alipogeuka macho yake yalikuwa na maji. "Hujui ulichonifanyia, mwanangu," alisema. Akaisukuma bahasha aliyopitishiwa irudi ndani. "Kaa nayo."

"Mpya itakuwa tayari baada ya wiki mbili."

"Sitakuja kuichukua," mzee alisema, na akatoka akiwa anacheka peke yake.

Mama Kinyoya alisoma anwani kwenye fomu. Mtaa wa mzee haukuwa mbali na njia yake ya kurudi nyumbani. Nitampelekea siku moja, aliwaza, wazee wana hasira za muda. Akaitia bahasha kwenye mkoba wake, kati ya chupa ya maji na sweta ya mtoto.

*

Kinyoya lilikuwa jina la utani la mwanawe. Alipozaliwa alikuwa mwepesi hata mkunga akasema huyu ukimpuliza anaruka. Sasa alikuwa na miaka minne, na michezo yake yote ilikuwa ya ofisi ya mama. Aliwapanga wanasesere foleni, akawarudisha nyumbani wakalete picha.

Jioni ile aliikuta bahasha.

"Mama, nani amechora hizi?"

"Polisi wa mipakani, mwanangu. Usizichane."

Mama Kinyoya alikuwa ameweka miguu kwenye beseni la maji ya moto. Baba Kinyoya, mpishi wa hospitali, alikuwa jikoni anapika tena, kazi yake na starehe yake ni ile ile. Mtoto alitulia. Alipitisha kidole kwenye muhuri mmoja mmoja, akinong'ona. Mama yake akafumba macho na kushukuru kwa utulivu ule.

"Mama, nimesaini."

Alipofumbua macho aliona mtoto amejipaka wino wa kalamu kwenye dole gumba, na alama yake imekaa pale kwenye nafasi nyeupe ya ukurasa wa mwisho. Vizuri kabisa, katikati, kama anavyowaelekeza watu dirishani.

"Umekuwa karani kweli," Baba Kinyoya alisema kutoka mlangoni, kijiko mkononi. Wakacheka wote watatu.

Asubuhi ilipofika, pasipoti ilikuwa baridi. Mama Kinyoya aliifungua ili atazame uharibifu wa wino, akakuta kurasa nyeupe, zote, kama iliyotoka kiwandani. Alama ya kidole haikuwepo. Ndege na garimoshi havikuwepo. Alisimama nayo mkononi mpaka Baba Kinyoya akamwambia atachelewa. Nimechoka, alijiambia. Macho yamechoka. Akaificha chini ya nguo kabatini.

*

Jumamosi mchana alikuwa anaosha vyombo. Mtoto alikuwa amelala chumbani, usingizi wake wa kila mchana. Nyumba ilikuwa kimya, maji tu yakichuruzika kwenye bomba, na katika ukimya huo akasikia mlio anaoujua kuliko mlio wowote duniani.

Ta.

Mlio wa muhuri juu ya karatasi, na karatasi juu ya meza ngumu.

Ulitoka chumbani kwa mtoto. Alikwenda huku mikono inadondosha povu. Mtoto alikuwa kitandani, amelala chali, kama alivyomwacha. Ila kulikuwa na harufu. Harufu ya makoti mazito yaliyolowa, ya mazulia ya kumbi kubwa, ya sabuni ambayo hakuna duka la hapo lililowahi kuiuza. Alimshika miguu. Ilikuwa baridi kama chuma. Alimtikisa, akamwita, akampuliza usoni. Mtoto alipumua polepole na hakuamka.

Baadaye sana, jua limeshahamia dirisha la pili, mlio ukaja tena. Ta. Miguu ikapata joto. Kinyoya akafungua macho.

"Mama, nimechoka kupanga foleni."

"Foleni ya wapi, mwanangu?"

"Ya kule. Watu hawana nyuso mpaka waitwe."

Alipomvua gauni ili amwogeshe aliona begani alama mbili za buluu. Kwanza alidhani kaumia. Akasugua kwa sabuni, akasugua kwa limao, mtoto akalia, akaacha. Zilikuwa za pembe nne, zenye maandishi ambayo hayakuwa ya nchi yoyote anayoijua, na yeye alikuwa ameona mihuri ya nchi nyingi. Moja ilikuwa na mshale unaotazama nje. Nyingine, mshale unaotazama ndani. Kutoka na kuingia.

"Ni watoto wa shule ya chekechea," Baba Kinyoya alisema usiku ule, akizitazama alama kwa tochi. "Wana mihuri ya kuchezea."

"Leo Jumamosi."

Baba Kinyoya aliizima tochi, akaendelea kukaa pale.

Baada ya hapo alama ziliongezeka, mbilimbili, mgongoni, mapajani, chini ya nywele. Kila usingizi safari, na kila safari ndefu kuliko iliyotangulia. Mtoto alikonda. Alisinzia juu ya sahani, na alipoamka aliamka amechoka, macho yameingia ndani kama ya watu waliolala kwenye viti vya vituo. Siku moja baba yake alikuwa amembeba begani kumtoa sebuleni, na akasimama katikati ya ukumbi akabaki amesimama, mdomo wazi.

"Mama Kinyoya," alisema kwa sauti ya chini sana. "Njoo umshike. Nishikie tu, uniambie kama mimi ndiye mwenye wazimu."

Akampokea. Alikuwa mwanawe, nguo zake, harufu ya nywele zake, pumzi yake shingoni, na uzito wake haukuwepo, haukuwepo kabisa, ilikuwa kama kubeba nguo zilizotoka kwenye kamba na bado zina joto la jua, na wazazi wale wawili wakakaa sakafuni pale pale ukumbini wakiwa wamemshika kati yao, mmoja mkono na mwingine mguu, kama watu wanaoshikilia hema wakati wa upepo, wakisubiri, bila kuwasha taa giza lilipoingia, mpaka muhuri ulipogonga na uzito ukarudi wote kwa pamoja na kuwaangukia mapajani.

*

Chekechea walimrudisha. Mwalimu alisema mtoto analala tu, na alama zile zinawatisha wenzake, lakini alimfungia uji kwenye kopo la nyumbani kwake ili ale njiani. Mama Kinyoya akalazimika kwenda naye kazini.

Nje ya ofisi kulikuwa na mpiga picha aliyeitwa Tabasamu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwakataza watu wasitabasamu. Alikuwa na kitambaa cheupe, kiti kimoja, na kitana cha kuazima. Kiti hicho mara nyingi hakukitumia kwa picha, alikalisha wajawazito wa kwenye foleni.

"Niachie mtoto, dada," alisema. "Nitamtazama. Akichangamka nampiga picha ya bure."

Kabla ya saa ya chakula akaja dirishani, akapita mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Watu wakaguna. Alipitisha picha chini ya kioo ikiwa imelala kifudifudi.

"Sikutaka uione mbele za watu," alinong'ona. "Nimerudia tena na tena. Nimebadilisha kitambaa."

Mama Kinyoya akaigeuza. Kinyoya alikaa wima mbele ya weupe, macho mazito. Nyuma yake, karibu mno, alisimama mtu mrefu ambaye koti lake lilionekana vizuri hadi vifungo, na juu ya kola palikuwa pamelainika tu, kama ukuta uliopigwa plasta. Mkono mmoja ulikuwa begani kwa mtoto. Haukumkamata. Ulikaa tu, kama unavyomshika aliye mbele yako kwenye foleni ili usimpoteze.

"Dada, picha ya pasipoti ni ya mtu mmoja," Tabasamu alisema, akijaribu kucheka.

Mama Kinyoya akafunga dirisha. Watu wakalalamika. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akawaambia, "Mwacheni, hamuoni kama amepata habari mbaya?" na wakanyamaza.

*

Fundi wa lifti alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa amenenepa mashavuni. Shuka lilikuwa limekunjwa vizuri kwenye kochi na chumba kizima kilinuka usingizi mzuri. Alipomwona mtoto mgongoni kwa mama yake, aliacha kutabasamu.

"Ulikata?" aliuliza.

Mama Kinyoya alifungua mkoba, akatoa pasipoti nzima, aliyopitia kuichukua kabatini.

Mzee alikaa chini. Kisha akamwambia akae naye, akamletea maji.

"Nilikuwa kijana," alisema. "Jengo jipya, halijapata wapangaji. Niko ndani ya lifti peke yangu, nakaza nyaya. Sauti ikaniuliza nyuma yangu, unaenda wapi? Nikadhani ni wenzangu wananitania. Nikasema, popote, twende wote. Basi. Tangu siku ile twende wote. Huyu hana jina kwa nchi yoyote, ya watu wala ya majini, hawezi kuvuka mpaka peke yake. Anasafiri kwa jina la mtu. Mchana nilisafiri kwa kazi, nikilala nilisafiri kwa ajili yake. Sikujua kulala ni nini mpaka mwaka huu."

"Na pasipoti?"

"Humo ndimo alimokaa. Ikijaa, anaomba nyingine. Ya zamani inakatwa, anahamia mpya. Nikafikiri, safari hii nitaomba mpya, ya zamani ikatwe, halafu mpya nisiichukue. Abaki katikati, bila karatasi." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilifikiri nimepata akili uzeeni."

"Nilitaka ubaki na mihuri yako," Mama Kinyoya alisema. "Nilidhani utaitaka."

"Najua, mwanangu. Nimeona uso wako siku ile. Sikulaumu." Akauchukua mkasi wa jikoni. "Tuikate sasa."

Waliikata, pembe zote, kisha katikati, kisha vipande vya vipande. Ilikuwa karatasi tu. Mgongoni kwa Mama Kinyoya mtoto akaanza kuwa mwepesi.

*

Tabasamu ndiye aliyemjua mganga. Chumba chake kilikuwa nyuma ya gereji ya matairi, na nje kulikuwa na benchi lililojaa watu. Baba Kinyoya alitoka jikoni kwa wagonjwa na aproni yake bado kiunoni. Wakaingia wote: yeye na mtoto mikononi, mkewe, fundi wa lifti, na Tabasamu, ambaye alisema angesubiri nje na hakusubiri.

Mganga alikuwa na mafua na leso mkononi. Alimtazama Mama Kinyoya kwa muda.

"Wewe ni wa dirishani," alisema. "Ulinirudisha mara tatu kwa sababu ya picha."

"Ulikuwa umevaa kofia, baba."

"Mara ya tatu sikuvaa."

"Ulicheka."

"Nilikuwa nimefurahi kuivua kofia." Akapenga kamasi. "Haya, tumeyaacha. Mlazeni hapa."

Alifunga dirisha. Aliyatazama mabega ya mtoto, mgongo, shingo, nyayo, na kadiri alivyotazama ndivyo mzaha ulivyomtoka usoni. Ngozi yote ilikuwa imejaa buluu na kijani. Ilibaki sehemu ndogo isiyo na wino, nyuma ya sikio la kushoto.

"Huyu sitamtoa kwa kelele," alisema. "Huyu hakumpanda mtoto. Amepewa. Naweza kumwita tu, tuongee naye."

Akainama, akaweka mdomo karibu na sikio la mtoto. "Mwenye safari," aliita. "Tuna neno na wewe."

Harufu ya makoti yaliyolowa ikajaa chumbani. Milio ya gereji, nyundo na redio, ikafifia ikawa kama iko nyuma ya kioo kinene, na mahali pake wakasikia nyayo nyingi zikisogea kidogo na kusimama, zikisogea kidogo na kusimama, nyayo za umati usiosema, na magurudumu ya mizigo, na mahali fulani mbali sauti ya kipaza sauti ikiita majina ambayo hayakuwa majina. Mtoto akafungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa ya kutisha hata kidogo, ndicho kilichowatisha, ilikuwa sauti ya upole, ya mtu mzima, iliyochoka kupita kiasi, kama ya abiria aliyeahidiwa mara nyingi kwamba ni hapo mbele tu.

"Semeni upesi. Naitwa muda si mrefu."

"Mtoto ni mdogo," mganga alisema. "Mwache."

"Kidole chake kipo. Aliweka mwenyewe."

Fundi wa lifti akapiga magoti. "Rudi kwangu," alisema. "Tumezoeana. Pasipoti yangu mpya ipo ofisini, naichukua leo hii. Mrudishe mtoto."

Kichwa cha mtoto kikageuka taratibu, macho yamefumbwa, kikaelekea kwa mzee na kukaa hapo.

"Muda uliobaki kwako hautoshi, rafiki yangu," sauti ilisema. "Hawapokei chini ya miezi sita."

Mzee akabaki na magoti yake pale chini. Halafu akakaa, akanyoosha kola ya shati.

"Haya," alisema. "Mimi nilidhani ni kunenepa."

Tabasamu akamwekea mkono mgongoni, hakuuondoa tena.

"Na mtoto?" Mama Kinyoya aliuliza. Sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali. "Ana nafasi moja tu. Ikijaa?"

"Iliyojaa hairudi. Huachwa pale safari ilipoishia."

"Ni lini?"

"Nimesema naitwa muda si mrefu."

Baba Kinyoya akatoa mlio mdogo, kama mtu aliyeungua kidole. Mama Kinyoya alipiga magoti mbele ya mwanawe. Hakuwa na dua iliyomjia wala nguvu ya kulia. Kilichomjia ni maneno ya dirishani, yale aliyoyasema kila siku mpaka ulimi ukakauka, na akayasema kwa sauti ile ile ya kuchoka.

"Saini hiyo si halali," alisema. "Mtoto mdogo hasaini. Anasainiwa na mzazi. Ungekuja kwangu na hicho kidole ningekurudisha."

Nyayo zile zisizoonekana zikasimama zote.

"Sikujua," sauti ilisema. "Hakuna aliyeniambia." Ilisikitika kweli, na hilo lilimuuma, hata wakati ule, kwa sababu alikuwa amewarudisha watu wengi waliosema vile vile. "Basi saini wewe kwa ajili yake."

"Kwa ajili yake sisaini."

"Dada, sina pa kwenda. Huko nje hakuna nchi. Ni foleni tu."

"Nimesikia. Mfute mtoto. Nasaini kwa jina langu."

"Mama Kinyoya, subiri," mumewe alisema, akasogea. "Niandikwe mimi. Mimi nalala fofofo, sitajua hata..."

Lakini yeye alikuwa ameshachukua kidole gumba cha mwanawe, kidogo kama punje ya haragwe, na kukandamizia chake juu yake.

Alihisi akitazamwa. Uso, kisha mabega, kisha urefu wa miaka yake.

"Una muda," sauti ilisema. "Na nafasi unayo." Halafu, kwa adabu, "Asante."

Ta.

Mihuri ilimtoka mtoto kama madoa ya maji yanavyokauka juani, kuanzia nyayo kwenda juu. Redio ya gereji ikarudi. Kinyoya akakohoa, akamtazama mganga, akasema ana njaa, na Tabasamu, mtu mzima yule, akaenda kusimama pembeni akiwa amejifunika uso kwa viganja vyake.

Njiani Baba Kinyoya alimbeba mtoto mpaka kona ya nyumbani, ndipo akauliza.

"Kwa nini hukunisubiri?"

"Ungechelewa kurudi kwa wagonjwa wako."

Akataka kucheka, akashindwa, akamshika mkono wenye dole lile.

*

Kinyoya alinenepa. Fundi wa lifti alikuja kila Ijumaa kula kwao, kwa sababu Baba Kinyoya alikataa ale peke yake, na alipokosa nguvu za kuja walimpelekea, na alipokufa, akiwa usingizini, walikuwa naye na uso wake ulikuwa umepumzika.

Mama Kinyoya aliendelea na dirisha. Sasa alizikata pembe zote, mpaka ndani, na watu walipolia alitoka nje ya kioo akakaa nao kidogo. Alivaa mikono mirefu. Wenzake walimwambia aombe likizo alale. Alishukuru. Hakuwaambia kwamba kulala ndiko kulikomchosha.

Na majira yalipogeuka na kugeuka, wino ukapanda mikononi, ukazunguka kiuno, ukafika shingoni, akanunua mitandio.

Alfajiri moja, usingizini, alikuwa kwenye foleni ya kule. Ilikuwa fupi kuliko siku zote, na hilo halikumpendeza. Mkono ulikuwa begani kwake, nyuma, mpole kama kawaida. Mbele kulikuwa na kioo, na nyuma ya kioo mtu mwenye muhuri. Kwa mbali, kama kupitia ukuta, alisikia kitanda kikilia na vidole vya mtoto vikimgusa nyayo.

"Ni baridi," Kinyoya alikuwa anasema. "Baba, tusimwamshe. Bado hajafika."

"Mfunike," sauti ya mumewe ilijibu.

Alihisi blanketi dogo likishuka juu ya miguu, la mtoto, lisilofika magotini. Nakuja, alitaka kuwaambia. Nimefika dirishani tayari. Akageuza shingo mbele ya kioo, ili ukurasa uonekane vizuri.

Mtu wa dirishani akainua muhuri. Akatazama shingo, akatazama nyuma ya sikio moja, akainama kutazama la pili; hapakuwa na nafasi iliyobaki. Kisha akauweka muhuri mezani, taratibu, na kwa mara ya kwanza akawa na uso, uso wa mtu mwema aliyechoka.

"Dada," alisema, "naomba usubiri hapo pembeni."

Begani kwake, ule mkono ukaondoka.